Waliovuka bahari na jiko lao

Kuna ukuta wa udongo pale Sayamaike, kusini mwa jiji la Osaka, nimeenda kuutazama mara sita. Sio ukuta wa nyumba, ni tuta la bwawa. Walipokuwa wanalikarabati bwawa hilo la kale walikata kipande kizima cha tuta, kama unavyokata mkate uone ndani umeiva vipi, wakakisimamisha ndani ya makumbusho yaliyojengwa pembeni mwaka 2001. Kimo chake ni zaidi ya mita 15 na upana unapita mita 60, yaani unasimama chini unainua shingo. Ukisogea karibu unaona mistari: udongo, halafu matawi na majani yamelazwa, halafu udongo tena, halafu majani tena, hivyo hivyo kwenda juu.

Mimi Japani nilienda kusomea mambo ya mabwawa na umwagiliaji, kwa hiyo kwangu ile mistari sio mapambo. Majani na matawi yanasaidia maji yatoke kwenye udongo mbichi na yanaushika udongo usiteleze, ni kazi ileile ambayo leo tunafanya kwa vitambaa vya plastiki vya kiwandani ambavyo vinagharimu hela nyingi sana. Chini ya tuta walikuta bomba la mbao la kutolea maji, na kwa kuhesabu pete za mti wakajua mti ule ulikatwa mwaka 616. Sasa mtindo huohuo wa kulaza majani kwenye tuta umekutwa pia Korea, kwenye tuta la kale la Byeokgolje kule Gimje, na kwenye ukuta wa Pungnap ambao sasa uko ndani ya jiji la Seoul, na huko ni wa zamani zaidi.

Darasani mwalimu wetu alipita hapo haraka, akasema mbinu hii "ililetwa kutoka bara", yaani bara la Asia, akaenda slaidi inayofuata. Nikabaki pale. Kwa Kiswahili ukisema kitu kililetwa, mtu anasubiri umalizie, kililetwa na nani? Tuta haliji lenyewe kwenye mashua. Kuna mtu alikuja anajua majani ya mti gani yanafaa, yalazwe unene gani, udongo ushindiliwe mara ngapi ndo tabaka jingine liwekwe, na kitu kama hicho huwezi kukipata kwa kuambiwa, unakipata kwa kusimama kwenye tope pamoja na anayejua mpaka mikono yako ijue. Basi miaka miwili niliyokaa kule, kila wikiendi niliyopata nafasi nilikuwa nawatafuta watu hao.

Wajapani wana neno lao, toraijin, yaani watu waliovuka bahari, wengi kutoka rasi ya Korea, wakaja Japani. Zamani vitabu vilitumia neno jingine, kikajin, ambalo ndani yake lina maana ya mtu aliyekuja kujiweka chini ya mfalme wa Japani akawa raia wake, na mwanahistoria Ueda Masaaki alilipinga kwenye miaka ya 1960, kwamba wengi wao walifika kabla hata hakujawa na dola wala daftari la raia, sasa walijiweka chini ya nani? Nadhani alikuwa sahihi kabisa. Na kuvuka kwenyewe sio kwa mbali kama tunavyodhania tukiangalia ramani ya dunia. Kutoka Busan, kusini mwa Korea, hadi kisiwa cha Tsushima cha Japani ni kilomita kama 50, siku ya anga safi unakiona kwa macho. Ni karibu kuliko Dar na Unguja.

Wa kwanza kabisa walikuja na mpunga. Hapa naongea kama mtu wa Kyela, nimekulia kwenye majaruba, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo. Kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu kuna sehemu inaitwa Itazuke, mjini Fukuoka, na nyingine inaitwa Nabatake, kule Karatsu, ambako wamefukua majaruba ya zamani kuliko mengine yote Japani. Zamani walisema ni ya karne ya 5 au ya 4 KK, halafu mwaka 2003 watafiti wa makumbusho ya taifa ya historia wakapima kwa kaboni wakasema hapana, mwanzo wake unarudi hadi karne ya 10 KK hivi, na ubishi bado upo. Lakini ubishi ni wa tarehe. Kilichomo kwenye lile tope hakina ubishi mkubwa: mifereji, vizuizi vya mbao vya kupandisha maji, matuta yaliyozuiwa kwa vigingi, visu vya mawe vyenye umbo la nusu mwezi vya kukatia masuke, na vyote hivyo vina ndugu zao upande wa pili, kusini mwa rasi ya Korea. Hata makaburi yaliyofunikwa kwa mawe makubwa ni yaleyale ya kule.

Na pale Itazuke walikuta nyayo. Nyayo za watu ndani ya jaruba, zimehifadhiwa na tope tangu wakati huo, vidole vinaonekana. Anayelima mpunga anajua ile hatua, unavyochomoa mguu unakatalia, unaweka mwingine. Nilipoona picha yake nilinyamaza muda mrefu.

Ila wageni hawakukuta nchi tupu, hili lazima lisemwe. Visiwani walikuwepo watu, ndo hao wanaitwa Wajomon, waliokuwa wanafinyanga vyungu tangu zaidi ya miaka 10,000 kabla ya hapo. Kwenye vijiji vya mwanzo vya mpunga unakuta chungu cha kienyeji kimekaa pamoja na chungu cha mtindo wa Korea, nyumba moja, jiko moja. Walioana, walifundishana, na bila shaka waligombana pia. Mwaka 2021 utafiti wa vinasaba uliotoka kwenye jarida la Science Advances ulisema damu ya Wajapani wa leo ina mikondo mitatu, Wajomon, halafu waliokuja enzi za mpunga, halafu wimbi jingine enzi za makaburi makubwa, karne ya 4 hadi ya 7. Hilo wimbi la mwisho ndo linalonishika zaidi, maana hao tunawajua hadi majina.

Hapa kwanza niweke pembeni jambo moja la nyumbani. Wazee wa Lower Moshi wanakumbuka miaka ya 1980 Wajapani walipokuja na mradi wa umwagiliaji, mifereji ya saruji, majaruba yaliyosawazishwa, miche inapandwa kwa mstari na kamba, na chuo cha pale Chekereni kikafundisha wakulima kutoka mikoa mingi. Sisi wengine kupanda kwa mstari tulijua kama "kupanda Kijapani". Kumbe hao walimu wetu nao kuna siku, miaka mingi sana nyuma, babu zao walikuwa wanasimama kwenye tope wanaonyeshwa na mtu aliyeshuka kwenye mashua.

Kwenye chuma nitapita haraka. Kitabu cha Kichina cha karne ya 3 kinasema kusini mwa Korea kulikuwa na chuma, na watu wa Wa, yaani Wajapani wa wakati huo, walikwenda kukichukua, na sokoni kilitumika kama pesa. Chuma kilisafirishwa kikiwa vipande bapa vilivyobanwa katikati, na kwenye kaburi moja dogo huko Nara, linaitwa Yamato namba 6, vilikutwa vipande 872. Wajapani walikuwa na wahunzi wao wa kufua, lakini kuyeyusha mawe yenyewe mpaka yatoe chuma, ushahidi wa uhakika unaanza karne ya 6 tu. Kwa hiyo kwa mamia ya miaka jembe la Mjapani na panga la mfalme wake vilianzia kwenye tanuri la mtu wa Gaya, ule umoja wa vimiji vya kusini mwa Korea ambao Silla, ufalme wa kusini mashariki mwa rasi, iliumaliza mwaka 562.

Sasa vyungu. Bibi yangu ni Mkisi, wa kule Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, na Wakisi na vyungu ni kitu kimoja, kila anayepita soko la Matema anajua. Bibi anafinyanga bila gurudumu, anachoma kwa kuvirundika vyungu chini na kuvifunika kuni na nyasi kavu, moto wa wazi. Vinatoka vyekundu, vizuri, maji yake ya baridi hayana mfano, na baridi hiyo inakuja kwa sababu chungu kinatoa jasho, yaani udongo haujaziba kabisa. Kwa karne nyingi Wajapani walichoma hivyohivyo. Halafu mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5 kwenye vilima vya Sakai, karibu kabisa na Sayamaike, wakatokea wafinyanzi wa aina nyingine. Hawa walichimba handaki kupanda mlima, wakaweka paa la udongo, moto unawaka chini na unavutwa kwenda juu kama bomba la moshi, joto linapita digrii 1,100. Mwishoni wanaziba mdomo, moto unakosa hewa, na udongo unageuka kijivu. Chungu kikitoka hapo ukikigonga kinalia kama chuma, hakivuji hata tone. Kinaitwa Sue, na hivyo vya mwanzo vimefanana na vya Gaya kiasi kwamba hata wataalamu wanapata taabu kusema hiki kilichomwa upande gani wa bahari.

Nilimtumia bibi picha kupitia simu ya binamu yangu. Akajibu kwa voisi, swali moja tu, "Kuni wanatumia za mti gani?" Nikatafuta siku tatu. Walianza na miti ya majani mapana, walivyoimaliza wakahamia misonobari, mkaa uliobaki kwenye matanuri unaonyesha. Bibi akasema eeh, ndo inavyokuwa.

Kwa mtungi wa kutunzia pombe au maji ya safari, Sue haina mpinzani. Lakini hata baada ya kuijua Wajapani waliendelea kupika kwenye vyungu vyao vyekundu, kwa sababu hicho kigumu ukikiweka motoni kinapasuka. Naipenda sana hii habari, maana mgeni hakuja akafuta kila kitu, mama mwenye nyumba alichagua hiki akakataa kile.

Na jikoni kwenyewe ndo kuna habari kubwa kuliko panga zote za wafalme, ingawa makumbusho mengi yanaiweka kona ya nyuma. Kabla ya hapo nyumba ya Kijapani ilikuwa na moto katikati ya sakafu, kama mafiga yetu, moshi unazunguka humohumo. Kwenye karne ya 5 likaja jiko la udongo lililojengwa ukutani, lina mdomo wa kuni mbele, tundu la chungu juu, na njia ya moshi inayotoka nje ya ukuta. Pamoja nalo kikaja chungu chenye matundu chini cha kupikia kwa mvuke, unakipachika juu ya kingine chenye maji. Fikiria mwanamke ambaye miaka yote macho yanamwasha, leo moshi unatoka nje, kuni chache zinatosha, na watoto hawaangukii moto. Liliingia kijiji kwa kijiji ndani ya vizazi vichache, likafika hadi mashariki ya mbali, na hakuna mfalme aliyetoa amri. Lile la kubebeka waliliita karakamado, na hilo "kara" mwanzoni ni jina la Gaya lenyewe, jiko la Kikorea. Kwenye makaburi ya familia za wahamiaji wamekuta majiko madogo madogo ya udongo, jiko na vyungu vyake, vidogo kama vya watoto kuchezea, wamezikwa navyo. Sijui niseme nini zaidi. Watu waliovuka bahari wakiwa wanazikwa ugenini, walitaka jiko la kwao liwe karibu.

Farasi nao. Kile kitabu cha Kichina cha karne ya 3 kinasema nchi ya Wa haina ng'ombe wala farasi. Karne ya 5 ghafla makaburi yamejaa lijamu na matandiko. Ukienda Shijonawate, Osaka, palikuwa na makazi ya wafugaji ukingoni mwa ghuba iliyokuwa inafika hapo zamani: mifupa ya farasi mzima amezikwa kwa heshima, vyungu vya kuchemshia chumvi kwa sababu farasi hawezi kuishi bila chumvi, vyombo vya mtindo wa Korea, na kisima ambacho kuta zake zimejengwa kwa mbao za mashua iliyovunjwa. Yaani walifika, na mashua wakaigeuza kisima. Hawakuwa na mpango wa kurudi.

Kwenye maandishi, kuna hadithi ya msomi Wani kutoka Baekje, ufalme wa kusini magharibi mwa Korea, kwamba alileta mafundisho ya Confucius pamoja na kitabu cha Kichina cha kujifunzia herufi elfu moja, na hadithi ina tatizo maana hicho kitabu kiliandikwa baadaye kuliko wakati anaosemwa yeye. Lakini koo za waandishi wa ikulu zilizojiita kizazi chake zilikuwepo kweli. Na lipo panga la Inariyama, lilichimbuliwa Saitama mwaka 1968, likakaa kabatini miaka kumi ndipo mwaka 1978 wakalipiga eksirei wakaona herufi 115 za dhahabu chini ya kutu, tarehe yake inasomwa 471. Humo majina ya Kijapani yameandikwa kwa kuchukua herufi za Kichina kwa sauti tu, maana yake inaachwa, ujanja ambao watu wa rasi ya Korea walikuwa wanautumia kwa lugha zao. Kutoka kwenye ujanja huo ndo baadaye ikapatikana hati ya Kijapani inayosomwa leo.

Sasa nifike mwaka 588, maana huu ndo mwaka wangu. Bwana mkubwa wa ikulu, Soga no Umako, alitaka kujenga hekalu la kwanza kamili la Kibudha. Hakuna mtu Japani aliyewahi kujenga jengo la namna ile, nguzo zimekaa juu ya mawe, paa la vigae, mnara wa ghorofa nyingi. Basi ufalme wa Baekje ukamtumia mafundi, na kitabu cha kale cha Nihon Shoki kinawataja: maseremala wa mahekalu wawili, fundi wa chuma cha kileleni mwa mnara mmoja, mafundi wa vigae wanne, mchoraji mmoja. Watu wanane. Miaka minane baadaye, 596, hekalu la Asuka likakamilika. Wachimbaji walipofika hapo miaka ya 1956 na 1957 wakakuta mnara katikati na kumbi tatu kuuzunguka, ramani ambayo inajulikana Goguryeo, ufalme wa kaskazini mwa Korea, na vigae vyenye ua la yungiyungi la Baekje. Hawa wanane hawakujenga peke yao, walifundisha, na ndani ya miaka mia moja Japani ikawa na mahekalu mamia. Jengo kongwe la mbao duniani lililosimama hadi leo, Hōryūji, ni mjukuu wa kazi ile.

Na mwaka huohuo 588 kuna mashua ilirudi upande wa pili ikiwa na wasichana watatu. Naomba muwajue. Mkubwa wao aliitwa Shima, baba yake ni Shiba Tatto, mhamiaji. Mwaka 584 akiwa na miaka 11 alinyolewa nywele akawa mtawa, jina la utawa Zenshin, pamoja na wenzake wawili, na wote watatu ni watoto wa familia za waliovuka. Aliyewafundisha ni mtawa wa Goguryeo ambaye alikuwa ameshaacha utawa. Yaani Wabudha wa kwanza waliotawazwa Japani sio wanaume wala sio mabwana, ni wasichana watatu wa familia za wageni. Wapinzani wa dini wakawavua mavazi na kuwachapa viboko hadharani sokoni. Walipopona wakaomba wenyewe waende Baekje kusoma sheria za utawa vizuri, wakaenda, wakarudi mwaka 590. Mpwa wake Zenshin ni Tori, mchonga sanamu wa ukoo wa watengeneza matandiko ya farasi, yule aliyetoa Buddha mkubwa wa Asuka na sanamu tatu za Hōryūji za mwaka 623. Nyumba moja imetoa mtawa wa kwanza na mchongaji mkubwa wa zama zake, na bado ukiuliza mtaani Osaka hawamjui Zenshin. Hilo liliniuma kweli.

Wengine waliendelea kuja. Mwaka 602 mtawa Gwalleuk wa Baekje akaja na vitabu vya kalenda na nyota, wakampa vijana wa kufundisha. Mwaka 610 akaja Damjing wa Goguryeo aliyejua rangi, karatasi, wino na kinu cha kusagia kinachoendeshwa na maji. Ukoo wa Hata, wenye asili upande wa Silla au Gaya, ulikuwa umeshakaa bonde la Kyoto unafuga viwavi wa hariri na kuzuia mto kwa ajili ya mashamba, na lile hekalu la Fushimi Inari lenye milango myekundu ambalo kila mtalii anapiga picha, ni wao waliolianzisha mwaka 711, kwa ajili ya mungu wa mpunga.

Halafu mwaka 660 Baekje ikavunjika, Silla ikishirikiana na China ya utawala wa Tang. Japani ikapeleka jeshi la majini kusaidia, na mwaka 663 likateketezwa kwenye mdomo wa mto Baekgang. Mashua zilizorudi zilijaa wakimbizi, maofisa, madaktari, mafundi, wanawake na watoto, nchi yao haipo tena. Mwaka uliofuata ili kuilinda Kyushu ikajengwa Mizuki, tuta refu la kilomita 1.2, na mwaka 665 ngome za mlimani za mtindo wa Baekje, zikisimamiwa na mabwana wakimbizi. Ndani ya Mizuki wamekuta nini? Majani yamelazwa kwenye udongo. Nilikaa kwenye treni kutoka Osaka hadi Fukuoka kwa ajili ya tuta hilo, na wenzangu wa darasani walifikiri naenda kula tambi.

Wajukuu wa wakimbizi hao ndo unawakuta Nara kwenye sanamu ya Buddha mkubwa wa hekalu la Tōdaiji, wa shaba, mita 15 hivi, aliyezinduliwa mwaka 752. Aliyesimamia kumwagwa kwake ni Kuninaka no Kimimaro, ambaye babu yake alitoka Baekje baada ya ile vita. Dhahabu ya kumpaka ilipokosekana, mwaka 749 ikapatikana kaskazini mwa nchi, na gavana aliyeituma ikulu aliitwa Kyōfuku, wa ukoo wa wafalme wa Baekje. Na aliyezunguka vijijini kukusanya watu na michango ni mtawa Gyōki, naye wa ukoo wa waliovuka, mtu aliyetumia maisha yake kujenga madaraja na mabwawa. Mwaka 731 Gyōki alikarabati bwawa gani? Sayamaike. Tabaka la kazi yake liko pale ukutani, juu ya lile la 616. Nilivyoliona hilo kwenye maelezo nilishika kichwa.

Kuna wanaosoma habari kama hizi wakakimbilia kusema basi Japani yote ni Korea. Sikubaliani nao hata kidogo. Mengi ya haya yalianzia China, watu wa rasi waliyapokea, wakayabadilisha, wakayapitisha, na Wajapani nao wakayabadilisha tena. Na mambo yalikwenda pande zote mbili. Kusini magharibi mwa Korea kuna makaburi ya umbo la tundu la ufunguo, mtindo wa Kijapani. Mwaka 1971 huko Gongju walipofungua kaburi la mfalme Muryeong wa Baekje, aliyefariki mwaka 523, jeneza lake lilikuwa la mti wa kōyamaki, mti unaoota Japani peke yake. Ni mti uleule uliotengenezewa bomba la Sayamaike. Tena kuna jambo baya zaidi: Japani ilipoitawala Korea, 1910 hadi 1945, wapo wasomi walioichukua hii habari ya asili moja wakaifanya kisingizio, kwamba sisi ni ndugu kwa hiyo tunawameza. Mwaka 1940 Wakorea wakalazimishwa kuchukua majina ya ukoo ya Kijapani. Baada ya maumivu hayo ndo maana hata leo mtu wa upande huu anaikwepa mada na wa upande ule anaishika kwa hasira.

Mimi nilipanga chumba Ikuno, jijini Osaka, karibu na soko la Tsuruhashi, mtaa wa Wakorea walioanza kuja miaka ya 1920, wengi kutoka kisiwa cha Jeju. Mama mwenye duka la kimchi, kabichi iliyochachushwa ya Kikorea, chini ya chumba changu alikuwa na majina mawili, la Kikorea la nyumbani na la Kijapani la kibao cha duka. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu ramani ya zamani, kwamba sehemu hizi miaka 1,300 iliyopita ziliitwa wilaya ya Kudara, na Kudara ni jina la Kijapani la Baekje. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo tulikuwepo?" Nikamwambia mlikuwepo mama. Akanifungia kimchi ya bure, akakataa katakata hela yangu.

Mwaka 815 ikulu ilitoa daftari la koo za mji mkuu na maeneo ya jirani. Zimo koo 1,182, na kati yake 326 zimeandikwa wazi kwamba asili yao ni ng'ambo. Zaidi ya robo, na hapo ni koo zenye hadhi tu. Na mwaka 2001 mfalme Akihito mwenyewe, kwenye siku yake ya kuzaliwa, alisema anahisi undugu na Korea kwa sababu mama yake mfalme Kanmu, yule aliyejenga Kyoto, alikuwa wa kizazi cha mfalme Muryeong. Magazeti mengi ya Japani yalilipitia hilo juujuu.

Wiki ya mwisho kabla sijarudi nilikwenda Nara, hekalu la Gangōji. Ikulu ilipohamia Nara, mwaka 718 hekalu la Asuka nalo lilihamishwa, na vigae vyake vikabebwa. Baadhi bado viko juu ya paa hadi leo. Unavitambua kwa rangi, vingine vya kijivu sawasawa lakini vile vya zamani vimechanganyika, kahawia, wekundu, weusi, kila kimoja na moto wake. Nikampigia bibi kwa video, nikamwonyesha paa, nikamwambia hivi ni vya udongo, vina miaka zaidi ya 1,400, vinanyeshewa mpaka leo. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama aliyevichoma anajulikana.

Nikamwambia ndiyo bibi, wameandikwa. Wanne. Manamonnu, Yōkimon, Ryōkimon na Shakumataimi. Na cheo chao kimeandikwa mbele ya jina, hakase, neno ambalo Wajapani leo wanamwitia mtu mwenye shahada ya udaktari.

"Wafinyanzi?" akauliza.

Wafinyanzi bibi.

Akaniomba nirudie majina polepole, mmoja mmoja, na nyuma yake nikamsikia anamwambia binamu yangu atafute kalamu.